Hatua Elfu Kumi ni Tangazo, Si Amri Kumi

Saa tano na dakika hamsini usiku. Niko kwa keja, chumba kimoja, natembea kutoka mlangoni hadi kwa meko, narudi. Mlangoni hadi kwa meko, narudi. Nimevaa ndala. Mkono wa kushoto naurusha kama askari wa gwaride, kwa sababu niligundua ukirusha mkono vizuri kale kasaa kanahesabu haraka. 9,412. Jirani wa chini anagonga dari yake na mpini wa ufagio. 9,640. Nikafika 10,000 dakika tatu kabla ya saa sita, kasaa kakatetemeka, kakarusha fataki kwa skrini, na mimi nikainua mikono juu kama nimeshinda marathoni ya Boston.

Halafu nikaketi kitandani na swali moja: hii nimemfanyia nani?

Wasee, leo sina stori tamu. Leo nimekuja na kelele, na najua wengine wenu mtanikasirikia kwa sababu mmevaa hako kadude saa hii mkisoma. Mimi pia nilikavaa miezi minane. Nilikanunua tao, kale ka bei ya chini, hakana mapambo: kanaonyesha saa, hatua, na betri. Basi. Na shida yangu si kasaa. Shida yangu ni vile tumekageuza kuwa mchungaji, daktari na polisi, kwa pamoja, kwenye mkono mmoja.

Tuanze na hiyo elfu kumi. Ukiuliza mtu kwa nini ni elfu kumi, atakwambia "madaktari wamesema." Daktari gani? Hakuna. Elfu kumi ilitoka Japani, mwaka wa 1965. Tokyo ilikuwa imetoka kuandaa Olimpiki ya 1964, watu wako na moto wa mazoezi, na kampuni moja ikatoa kamashine ka kuvaa kiunoni ka kuhesabu hatua. Kaliitwa Manpo-kei. Maana yake kwa Kijapani ni kipimo cha hatua elfu kumi. Hiyo ndiyo ilikuwa jina la bidhaa, buda. Nambari ni nzuri, inakaa kichwani, imejaa kabisa haina mkia, inauza. Miaka sitini baadaye wewe unazunguka kwa kitanda usiku wa manane ukitii tangazo la kiunoni la Japani.

Sasa utafiti wenyewe ulipokuja, ulisema nini? Mwaka wa 2019 watafiti Marekani wakiongozwa na I-Min Lee walichapisha matokeo ya wanawake zaidi ya 16,000, wastani wa umri miaka 72. Waliokuwa wanatembea kama hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango cha chini sana wakilinganishwa na wa 2,700. Faida iliendelea kupanda mpaka kama 7,500, halafu ikatulia. Mwaka wa 2022 tafiti kumi na tano zikaunganishwa: kwa watu wa chini ya miaka 60, mstari unalala kati ya 8,000 na 10,000, na kwa walio juu ya hapo ni kati ya 6,000 na 8,000. Mwaka wa 2025 ukaja mwingine mkubwa kwa jarida la Lancet Public Health, ukasema 7,000 ni lengo la maana kwa watu wazima wengi. Ni kweli tafiti kama hizi zinafuata watu tu na kuangalia, na mtu mwenye afya anatembea zaidi kwa sababu tayari ana afya, kwa hivyo usizimeze nzima nzima. Lakini angalia umbo lake. Faida kubwa kuliko zote iko pale chini kabisa. Mtu wa 2,000 akifika 4,000 amepata kitu kikubwa. Mtu wa 9,412 akipigana usiku apate 10,000 amepata kelele ya jirani.

Na kasaa kenyewe hakakwambii hivyo. Hako kanajua vitu viwili tu: umefika au hujafika. Ukiwa na 9,900 kanakuonyesha duara halijafungwa, kana kwamba ulilala siku nzima.

Ndani yake kuna nini? Kuna kichipu kidogo ka kupima mwendo, kanasikia mkono ukisonga mbele, nyuma, juu, chini, pembeni. Programu inatafuta mdundo unaofanana na wa mtu akitembea, kisha inasema "hiyo ni hatua." Hakajaona miguu yako hata siku moja. Kanakisia kutoka kwa mkono. Ndiyo maana ukipanda bodaboda kwa barabara ya mashimo unaweza kushuka ukiwa tajiri wa hatua. Ndiyo maana ukikanda unga wa chapati za watu kumi unapata hatua ukiwa umesimama pale pale. Na ndiyo maana, hapa sasa tusikilizane, ukitembea mikono ikiwa imeshika kitu, unaweza kutembea na usihesabiwe.

Hii niliijua kupitia kwa mathe.

Mathe wangu anauza mboga. Saa kumi za alfajiri ako Marikiti. Siku moja Jumamosi nikamwambia, "Mama, leo vaa hii, nataka nione unatembea ngapi." Akaniangalia vile anaangalianga vitu vyangu vyote. Akavaa, akaishusha chini ya mkono wa sweta ili isiibiwe. Nilienda naye. Tulizunguka sokoni akichagua, akibishana bei, akirudi kwa yule wa kwanza, mpaka hapo kasaa kako sawa, kanahesabu. Halafu akafunga kiroba cha viazi mgongoni, kamba akaishika na mikono yote miwili hapa mbele ya kifua, akaanza kutembea kuelekea Muthurwa kutafuta gari. Mimi nyuma na sukuma wiki. Ule umati unaujua, mikokoteni, matope, mtu anapiga mluzi umpishe. Mathe ameinama, anapumua kwa mdomo, hasimami.

Tulipofika steji nikashika mkono wake nikaangalia. Safari yote ile, kasaa kalikuwa kameongeza hatua 90 na kitu. Mimi niliyekuwa nahesabu kwa kichwa nilikuwa nimepita mia nane.

Nikamwelezea. Nikamwambia, Mama, ni kwa sababu ulikuwa umeshika kamba, mkono haukusonga. Akacheka kidogo, akasema, "Kwa hivyo kutoka soko mpaka hapa mimi sijatembea?"

Nikakosa jibu. Akatoa kasaa, akanirudishia, akasema nikavae mimi ambaye nina nafasi ya kutembea bila kubeba kitu.

Hiyo sentensi imenikalia kichwani miezi. Kwa sababu ukifikiria vizuri, hiki kitu kilitengenezewa mtu ambaye siku yake haimtembezi. Mtu wa kiti. Mtu ambaye mikono iko huru. Ukisukuma mkokoteni, ukiwa umebeba mtoto, ukiwa na mtungi wa maji kila mkono, kanakupunja. Na sisi tumechukua kipimo cha mtu wa kiti tukasema hiki ndicho kipimo cha bidii ya mwanadamu.

Binamu yangu anafanya kazi kwa ofisi moja hapa Nairobi, sitaitaja. Waliletewa shindano la hatua. Mwezi mzima, kila mtu apakie hatua zake kwa programu, mshindi apate vocha ya kununua vitu. Meneja mmoja akashinda, alikuwa na mashine ya kukimbia nyumbani. Wakapigiana makofi, picha ikapigwa. Mama wa chai ako nyuma amebeba treni ya vikombe. Huyo mama anapanda ngazi za hiyo ofisi kutoka asubuhi mpaka jioni, lakini hakuandikishwa, kwa sababu ameajiriwa kupitia kwa kampuni nyingine na shindano lilikuwa la "wafanyakazi wetu." Soldja wa geti pia hakuandikishwa, na yeye hutembea kutoka Mukuru kuja na kurudi. Kwa kiswahili cha hiyo ofisi, kutembea ni afya ukiwa na kiatu cha bei. Ukiwa na viatu vya kazi kunaitwa kukosa nauli.

Na usinielewe vibaya, sisemi eti kutembea kwa shida ni kitu tamu. Mathe hatembei kwa raha, na mgongo wake unajua. Ninachosema ni kwamba tuache kupeana medali kwa watu ambao wamechagua kutembea na kuwaangalia walio lazima watembee kama hawapo.

Sasa tuje kwa barabara, kwa sababu hapo ndipo hasira yangu iko kubwa.

Kila mtu wa mazoezi mtandaoni anasema "shuka steji moja kabla, tembea." Poa. Nishuke wapi? Jaribu kushuka steji moja kabla pale Mombasa Road. Juu kuna Expressway imefunguliwa tangu 2022, magari yanateleza huko juu kama maji. Chini wewe unaruka mtaro, unapishana na pikipiki iliyopanda njia ya miguu, unatafuta daraja la kuvukia ambalo liko mbali mpaka unaona heri kukimbia katikati ya magari. NTSA wenyewe wakitoa hesabu ya waliokufa barabarani, wanaotembea kwa miguu ndio huwa kundi kubwa kila mwaka. Si madereva, si abiria, ni sisi tunaotembea. Halafu unaniambia kutembea ni dawa.

Mwaka wa 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, yaani miguu na baiskeli. Sera nzuri kabisa kwa karatasi. Ilisema asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa njia za miguu na baiskeli. Leo toka nje uangalie njia ya miguu iliyo mbele ya nyumba yako, kama iko. Uniambie kama hiyo asilimia 20 umeikanyaga.

Na kama wewe ni msichana, ongeza saa. Dada yangu mdogo anatoka darasani saa moja jioni. Kasaa kake kanamwambia amebakisha hatua 3,000. Kanamtetemekea mkononi: "Amka, utembee!" Atembee wapi, kwa ile njia haina taa? Hako ka-kumbusho kalitungwa na mtu anayeishi mahali ambapo saa mbili usiku unaweza kutoka na mbwa. Wengine wanalipa kuingia Karura ndiyo watembee kwa amani, na sitawalaumu, msitu ni mzuri. Lakini fikiria hilo tu: tumefika mahali tunalipia kutembea.

Kwa hivyo nikisikia kampeni ya "tembea Wakenya, tembeeni," nauliza hatua ya kwanza ni ya nani. Ni rahisi kuuzia kila mtu kasaa na kumwambia afya ni juu yake. Ni ghali kujenga njia ya miguu. Kasaa kanahamisha lawama kutoka kwa barabara kwenda kwa mkono wako.

Kitu kingine ambacho watu wanaruka: kuhesabu chakula. Kasaa kengine kanakwambia "umechoma kalori 412." Usikaamini. Mwaka wa 2017 watafiti wa Stanford walipima vifaa saba vya mkononi. Mapigo ya moyo vingi vilijaribu vizuri. Lakini kalori, kile kilichokaribia ukweli zaidi kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho kwa asilimia 93. Sasa kuna mtu namjua, umri wa miaka 17, anaangalia hiyo nambari ndiyo aamue kama atakula ugali wa jioni. Anaamua chakula kwa nambari ambayo ni ya kubahatisha. Ukiwa unajiona hapo, ukiwa unaogopa kula kabla duara lifungwe, toa hako kadude leo na uongee na mtu mzima unayemwamini. Hiyo si nidhamu tena.

Na kama unavaa ndiyo upunguze kilo, kuna utafiti wa 2016 ambao ningetaka uujue. Vijana 471 wa Marekani, miaka 18 hadi 35, miaka miwili. Wote walifundishwa kula vizuri na kufanya mazoezi, halafu baadaye nusu wakapewa kifaa cha kuvaa. Mwishowe wasio na kifaa walikuwa wamepoteza karibu kilo 6, na wenye kifaa kilo 3 na nusu. Kwa nini, watafiti wenyewe hawakuwa na jibu moja. Mimi nina dhana yangu: ukishapewa fataki kwa skrini, unajipa na soda.

Stori ya data nitaipitia haraka. Google walinunua Fitbit, wakamaliza 2021, kwa zaidi ya dola bilioni mbili. Hawakulipa hizo pesa kwa mipira ya mkono. Afrika Kusini, Discovery wamekuwa na mpango wa Vitality kwa miaka mingi, unatembea unapata pointi kwa bima. Marekani, kampuni ya bima ya John Hancock ilitangaza 2018 kwamba itaweka mpango kama huo kwa bima zake zote za maisha. Leo ni zawadi kwa anayetembea. Kesho asiyetembea analipa zaidi, ni hesabu ile ile imegeuzwa. Huku kwetu Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka habari za afya kwa kundi la data nyeti, kwa hivyo una haki ya kuuliza zinaenda wapi. Kale kasaa kangu ka bei ya chini, programu yake iliomba mahali nilipo, majina ya watu kwa simu, na ruhusa ya kusoma meseji. Ya kuhesabu hatua! Nilikataa zote, na hatua zikaendelea kuhesabika vizuri tu.

Sawa. Najua kuna mtu anasema, "Lakini wewe si ulivaa miezi minane? Kwani hakukusaidia?"

Kalinisaidia. Sitadanganya ndiyo hoja yangu ing'ae. Wiki ya kwanza nilijiona mtu wa kuzunguka sana, hasla kila mahali. Kasaa kakasema 2,300. Siku nyingine 1,900. Kazi yangu ni kuhariri video, nakaa kwa kiti kutoka asubuhi hadi macho yaume, na nilikuwa nimejidanganya kwamba kuchoka ni sawa na kusonga. Hiyo nambari ilinipiga kofi nililohitaji. Nilianza kwenda dukani la mbali badala ya la chini, kupokea simu nikitembea, kushuka pale chini kununua mandazi mwenyewe badala ya kutuma mtoto wa jirani. Nikafika 6,000 bila kujua nimefikaje. Usingizi ukakaa sawa.

Hapo ndipo ningesimama. Kasaa kalikuwa kamemaliza kazi yake kwa wiki tatu, na mimi nikakavaa miezi saba mingine kwa sababu ya fataki.

Kwa hivyo kama unataka kutumia, tumia kama tochi. Vaa wiki mbili bila kubadilisha kitu, ujue wastani wako wewe, usiangalie wa mtu wa mtandao. Ukiwa 3,000, tafuta kuongeza elfu moja, ambayo ni kama dakika kumi za kutembea kwa haraka kiasi, hatua mia moja hivi kwa dakika. Zima mitetemo yote. Usinunue ka bei, na kama simu huwa inakaa mfukoni siku nzima, hata hako ka bei ya chini hukahitaji, simu nyingi zinahesabu zenyewe. Shirika la Afya Duniani halijaweka hatua kwa mwongozo wake hata kidogo, linaongea dakika: angalau 150 kwa wiki kwa watu wazima, na kwa walio chini ya miaka 18 wastani wa saa nzima kila siku. Boli ya mtaani inaingia hapo. Kudansi kunaingia. Kufua blanketi kwa mkono, niulize mimi, kunaingia. Kuogelea pia, na kasaa kangu kakiona maji kanakufa.

Ukishajua mwili wako unasonga kiasi gani, kaweke kando. Na ile nguvu ya kupost skrinshoti ya duara lililofungwa, piga picha ya njia ya miguu iliyokatwa na mtaro mbele ya shule yenu, uweke hiyo, umtaje MCA wako kwa jina. Hiyo pia ni data ya kutembea.

Kangu saa hii kako kwa droo, pamoja na chaja ya simu iliyokufa. Sijui kama betri bado iko. Jumamosi saa kumi alfajiri nitakuwa Marikiti na mathe, na tumeshakubaliana, kiroba cha viazi mimi ndio nabeba.